Madau ya usajili tunayajua kwa kichwa, mkopo wako je?

Winga Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Leo tuwapumzishe makocha. Humu jukwaani kuna watu wanaokutajia bila kuvuta pumzi kwamba Neymar aliondoka Barcelona mwaka 2017 kwa euro milioni 222, na kwamba mawakili walipopeleka hundi ofisi za La Liga ilikataliwa. Mtu huyohuyo muulize riba ya mkopo wake inapigwa kwenye salio au kwenye kiasi alichochukua mwanzo. Kimya. Muulize mkataba wake wa kazi unataka atoe notisi ya muda gani. Kimya tena.

Hoja yangu ni moja tu: dau ni la magazeti, pesa yenyewe imejificha kwenye kipengele na kwenye tarehe. Nashusha kisa kimoja, mengine mtaongezea.

Bobby Bonilla alicheza besiboli Marekani. Mwaka 2000 New York Mets walitaka kuachana naye huku bado anawadai dola milioni 5.9 za mkataba. Wakala wake, Dennis Gilbert, akaja na wazo: msimpe sasa. Pigeni riba ya asilimia 8 kwa mwaka, muanze kumlipa Julai 1, 2011, na mlipe kila Julai 1 mpaka 2035. Mets wakasaini. Tangu hapo kila mwaka jamaa anapokea dola 1,193,248.20. Malipo 25, jumla karibu dola milioni 29.8. Mtu hajagusa gongo uwanjani tangu 2001, ana miaka zaidi ya sitini, na jina bado limo kwenye orodha ya mishahara.

Kwa nini Mets walikubali? Wenye timu walikuwa wameweka pesa kwa Bernie Madoff, mtu wa kuwekeza pesa za watu, ambaye kwenye makaratasi alikuwa akiwaonyesha faida kubwa kuliko hiyo asilimia 8. Kwa hiyo waliona wanamkopa Bonilla kwa bei rahisi. Desemba 2008 Madoff akakamatwa, ikajulikana kwamba faida yote ile ni uongo, wa zamani walikuwa wanalipwa kwa pesa za waliojiunga juzi.

Karibuni.

Kipa wa Akiba

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja wahasibu waje.

Beki Kisiki

Mkuu mleta uzi, hapa hakuna cha kujifunza zaidi ya kwamba Mets ni mazuzu. Unadaiwa milioni 6, unalipa milioni 30! Hata mtoto wa darasa la tatu anaona umepigwa.

Shangazi Refa

Beki, tulia kidogo mwanangu. Nimekaa na vitabu vya hesabu za watu maisha yangu yote ya kazi, na hilo kosa ndilo linalowaliza wengi. Huwezi kuchukua shilingi, dola au pesa yoyote ya mwaka 2000 ukaiweka mezani na ya mwaka 2035 ukasema hii kubwa ile ndogo.

Tuipige. Milioni 5.9 kwa riba ya asilimia 8, riba ikizaa riba, kuanzia 2000 hadi 2011 inafika karibu milioni 13.8. Hapo Bonilla hajapokea hata senti. Sasa hiyo 13.8 igawe kwa miaka 25 huku salio linalobaki likiendelea kuzaa kwa asilimia 8 ileile. Unapata 1,193,000 na ushee kwa mwaka. Hesabu imefunga. Hakuna aliyepigwa, hakuna uchawi. Mets walikopa kwa asilimia 8, basi.

Swali la maana si "wamelipa mara tano?" Swali ni "ile milioni 5.9 waliyobaki nayo mwaka 2000 waliifanyia nini?" Kama uliiweka mahali panapozaa asilimia 10, umeshinda. Kama uliiweka kwa Madoff, pole.

Na kanuni ya haraka kwa asiyependa kikokotoo: gawa 72 kwa riba. 72 kwa 8 ni 9. Kwa riba ya asilimia 8 deni linajizidisha mara mbili kila baada ya miaka 9 hivi. Kwa asilimia 24 ni miaka mitatu. Wanaokopa mitandaoni kwa riba ya kila mwezi hesabuni wenyewe, mimi sitaki lawama.

Beki Kisiki

Shangazi sawa nimekuelewa kwenye hesabu. Ila bado naona Bonilla ndiye aliyecheza. Angepewa zote mwaka 2000 angeshazimaliza zamani.

Shangazi Refa

Hapo nakubali. Wanamichezo wengi wamefilisika kwa sababu pesa ziliingia zote kwa mkupuo na kazi ikaisha wakiwa bado vijana. Bonilla alijinunulia mshahara wa uzeeni.

Mzee wa Benchi

Kisa cha Bonilla ni cha watoto. Naleta cha wakubwa.

1976, ligi mbili za kikapu Marekani, NBA na ABA, zinaungana. NBA inachukua timu nne tu za ABA: Nets, Nuggets, Pacers na Spurs. Zinabaki timu mbili zinazotakiwa zifungwe kwa fidia. Mwenye Kentucky Colonels akachukua zaidi ya dola milioni 3 taslimu, akaondoka zake, watu wakamwona mjanja. Wenye Spirits of St. Louis, ndugu wawili Ozzie na Dan Silna, wakachukua kama milioni 2.2 na kipengele kimoja kidogo: sehemu moja ya saba ya pesa za televisheni za kila moja ya zile timu nne. Mpaka lini? Milele.

Wakati ule pesa za televisheni za kikapu zilikuwa makombo. Nani angejali? Wakaja Magic Johnson na Larry Bird, akaja Michael Jordan, televisheni zikaanza kugombania ligi. Ndugu wale hawana timu, hawana uwanja, hawana hata mpira mmoja, hundi zinaingia. Hadi 2014 walikuwa wameshavuna kama dola milioni 300, ndipo NBA ikawapa nyingine milioni 500 ili sehemu kubwa ya ule mrija ifungwe.

Kipa wa Akiba

Mzee hii ni chai. Timu haipo halafu inalipwa?

Mzee wa Benchi

Si chai, kijana. Ndiyo maana mkataba ukiona neno "milele", au "kwa muda wote", au "utajihuisha wenyewe", simamisha kalamu. Hao ligi walikuwa na mawakili wa bei mbaya, na bado lilipita.

Dada Kona

Jamani naomba turudi kwenye swali la mleta uzi, maana limenigusa. Hiyo riba ya kwenye salio na ya kwenye kiasi cha mwanzo tofauti yake ni nini? Mkopeshaji aliniambia "asilimia 10 tu kwa mwaka", mwingine akasema 15. Nikaenda kwa wa 10.

Shangazi Refa

Dada Kona, chukua karatasi.

Umekopa 1,200 kwa miezi 12. Yule wa asilimia 10 akipiga riba kwenye kiasi cha mwanzo, riba ni 120. Unalipa 1,320, yaani 110 kila mwezi. Inaonekana safi. Lakini mwezi wa sita umesharudisha nusu ya mtaji, na bado anakutoza kana kwamba 1,200 yote unayo. Ukichukua wastani wa mwaka mzima, ulikuwa unakaa na 650 hivi ya pesa yake. Riba ya 120 juu ya pesa kama hiyo inakaribia asilimia 18 kwa mwaka.

Yule wa 15, kama anapiga kwenye salio linalopungua, ndiye rahisi. Na kabla hujafurahi muulize ada ya kufungua faili, bima ya mkopo, na adhabu ya kulipa mapema. Swali moja linamaliza yote: "Nikichukua leo, jumla nitakuwa nimetoa ngapi mpaka siku ya mwisho?" Atakayezungukazunguka kujibu, muage kwa heshima.

Dada Kona

Duh. Asante shangazi. Naenda kumtafuta kwa maswali.

Chenga Mbili

Mnaongelea kusoma mikataba kama vile kila mtu ana muda. Hata Messi alisema mahakamani yeye anacheza mpira, anasaini anachoambiwa na baba yake. Kama Messi hasomi, nani atasoma?

Kipa wa Akiba

😂😂😂 GOAT kaingizwa kwenye uzi wa riba.

Mzee wa Benchi

Chenga, hukumalizia hadithi. Mahakama ya Barcelona, Julai 2016, ikampa miezi 21 kwa kukwepa kodi ya euro milioni 4.1 za haki za picha, yaani pesa za matangazo, miaka ya 2007 hadi 2009. Akakata rufaa. Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Hispania ikashikilia hukumu. Hoja ya "sikujua" haikumvusha. Hakulala jela kwa sababu kule kifungo kisichozidi miaka miwili kwa mkosaji wa mara ya kwanza kwa kawaida hakitumikiwi, na baadaye kikageuzwa faini. Wewe ukimwambia ofisa wa kodi "mhasibu ndiye anajua", faili lina jina lako.

Chenga Mbili

Sawa, ila Ronaldo ndiye alilipa nyingi zaidi. Januari 2019, euro milioni 18.8 na miezi 23 ya kifungo cha nje. Nani bora hapo? 🤣

Winga Mstaafu

Chenga usituharibie uzi. Ligi hiyo ya kodi haina bingwa.

Shangazi Refa

Wote wawili kesi ilizunguka jambo moja ambalo mtu wa kawaida naye analo: kipato cha pembeni. Mshahara wa klabu ulikuwa unakatwa kodi kabla haujafika. Shida ikaja kwenye pesa za matangazo zilizopita kwenye kampuni za nchi nyingine. Wewe mwenye kazi ya ofisini na biashara ndogo ya jioni, ile ya ofisini wameshakukata. Ya jioni ni juu yako kuitaja.

Mpira Pembeni

Wakuu samahani naingilia. Nina la haraka na si la mpira. Binamu yangu anachukua mkopo, ananiomba nisaini kama mdhamini. Anasema ni utaratibu tu, "sahihi ya kukamilisha fomu". Tumekua pamoja, si mtu wa mchezomchezo. Nisaini?

Beki Kisiki

Saini, ndugu ni ndugu.

Mzee wa Benchi

Beki, basi kasaini wewe.

Mpira Pembeni, nilifanya kazi karibu na mahakama kwa muda, nikawaona wadhamini wengi wakiingia na sentensi hiyohiyo: "niliambiwa ni utaratibu tu." Mdhamini si shahidi. Shahidi anathibitisha kwamba alimwona mtu akisaini. Mdhamini anaahidi kulipa. Na mikataba mingi ya dhamana imeandikwa hivi kwamba mkopeshaji halazimiki kumkimbiza mkopaji mpaka achoke ndipo aje kwako. Anaweza kuja kwako moja kwa moja, wewe mwenye mshahara unaoonekana.

Kabla ya kuigusa kalamu uliza haya. Dhamana yako ina kikomo cha kiasi, au ni deni lote pamoja na riba na gharama za kesi? Inaisha mkopo huu ukiisha, au inafunika na mikopo atakayochukua kesho? Akichelewa rejesho utaarifiwa, au utajua siku ya hati ya madai? Na omba nakala, usiridhike na kuonyeshwa.

Mpira Pembeni

Mh. Hata nakala sikuwa nimeomba.

Dada Kona

Akikataa kukupa nakala umeshapata jibu.

Beki Kisiki

Nyie mna roho ngumu. Kwa hiyo mtu akikwama asisaidiwe?

Shangazi Refa

Asaidiwe. Mpe pesa ambayo ikipotea utaendelea kulala. Hiyo ina kikomo, unakijua leo.

Namba Tisa Bandia

Nimesoma uzi wote kimyakimya. Naongezea la wadai, kwa sababu watu wengi hawajui wao ni wadai wa nani.

Februari 2010 Portsmouth wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya msimamizi kwa madeni. Wakakatwa pointi 9. Kwenye orodha ya waliokuwa wanaidai klabu walikuwepo St John Ambulance, wale wa huduma ya kwanza wanaokaa pembeni ya uwanja. Na soka la Uingereza lilikuwa na kanuni kwamba klabu ikifilisika, wachezaji na klabu nyingine wanalipwa kikamilifu kwanza kama inataka kubaki kwenye ligi. Watu wa kodi waliipeleka kanuni hiyo mahakamani, mwaka 2012 wakashindwa. Kwa hiyo mshambuliaji anapata chake chote, mbeba machela anagawana makombo.

Sasa na wewe ukilipia tiketi ya msimu mzima, au ada ya mwaka ya gym, au fanicha ambayo "inakuja wiki ijayo", umewakopesha wenye biashara bila dhamana. Wakifunga milango, benki yenye rehani iko mbele yako kwenye foleni. Sisemi usilipie. Lipa kwa awamu panapowezekana, na ukilipa kwa kadi, benki nyingi zina utaratibu wa kudai muamala urejeshwe, wenye tarehe yake ya mwisho.

Chenga Mbili

Tarehe ya mwisho umenikumbusha mchezaji Adrien Silva. Anahamia Leicester 2017, makaratasi yalichelewa kwa sekunde 14, FIFA wakagoma kumsajili, akakaa bila kucheza mpaka Januari 2018. Sekunde 14!

Mzee wa Benchi

Na rufaa yako ya kodi au ya kufukuzwa kazi ni hivyohivyo, saa hazina huruma. Watu wanapoteza kesi nzuri kwa kukaa wanasema "ngoja nitulize akili kwanza". Fungua rufaa, kisha tuliza akili.

Kipa wa Akiba

Mimi wa mikeka naomba hukumu yangu mapema. Nikiweka timu kumi kwenye mkeka mmoja, shida iko wapi? Dau dogo, pesa nyingi.

Namba Tisa Bandia

Shida iko kwenye odi, ile namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukishinda. Chukua mechi ambayo kweli ni nusu kwa nusu. Bei ya haki ni 2.00 kila upande. Kampuni inakupa 1.90. Unaona kama imekula kidogo tu, asilimia 5.

Unganisha kumi za hivyo. Uwezekano wa zote kumi kuingia ni 1 kwa 1,024. Kwa haki, ukiweka 100 ulipwe 102,400. Lakini 1.90 ikijizidisha mara kumi inatoa 613, kwa hiyo utalipwa kama 61,300. Ile asilimia 5 imekua ikawa 40. Kila timu unayoongeza unawaongezea wao, ndiyo maana wanakupa na "bonasi ya timu nyingi" kwa tabasamu.

Kipa wa Akiba

Kwa hiyo niweke moja moja?

Namba Tisa Bandia

Utapoteza polepole zaidi. Mchezaji Sandro Tonali anaujua mpira kuliko sisi wote humu, na Oktoba 2023 alifungiwa miezi 10 kwa kubeti. Kuujua mpira hakukumfaa kitu pale.

Beki Kisiki

Nimekaa najiuliza. Mleta uzi unasema kipengele ndicho pesa. Mbona Arsenal walitoa pauni 40,000,001 kwa Suárez wa Liverpool mwaka 2013, wakijua kuna kipengele cha milioni 40, na hawakumpata?

Winga Mstaafu

Swali zuri kuliko yote leo. Mmiliki wa Liverpool, John Henry, alikuja kukiri mwaka uliofuata kwamba kipengele kilikuwepo, wao wakaamua tu kutouza. Hakuna aliyekwenda kukidai mahali pa kudai mpaka mwisho. Suárez akabaki, akafunga 31 za ligi, akauzwa Barcelona 2014 kwa bei kubwa zaidi.

Kwa hiyo narekebisha hoja yangu: kipengele ni pesa kama una nguvu na muda wa kukifuatilia. Mwajiri anayejua huna wakili wala akiba ya kukaa bila kazi anaweza kukifumbia macho kipengele chako vilevile. Ndiyo faida ya vyama vya wafanyakazi, kama unacho usikidharau.

Mpira Pembeni

Narudi na mrejesho. Nimewapigia wakopeshaji wa binamu. Kikomo cha kiasi wamekubali kuandika. Nakala wametuma. Kuniarifu akichelewa rejesho wamekataa, wanasema ni siri ya mteja. Halafu kwenye nakala kuna mstari unasema dhamana inahusu "mkopo huu na nyongeza zake zozote".

Mzee wa Benchi

"Nyongeza zake zozote." Silna hao.

Shangazi Refa

Wauzie hoja hii: mstari huo ufutwe, na binamu mwenyewe aandike kuwaruhusu wakuarifu. Siri ni yake, anaweza kuifungua. Wakikubali yote mawili, na kikomo ni kiasi unachoweza kulipa wewe bila kuuza kitu, fikiria. La sivyo usisaini.

Mpira Pembeni

Nimemuuliza binamu kuhusu kuwaruhusu. Amesoma ujumbe, hajajibu.

Dada Kona

Basi usisaini.

Mpira Pembeni

Sisaini. Atanuna lakini.

Kipa wa Akiba

Atanuna msimu mmoja. Dirisha lijalo atatafuta mdhamini mwingine.